Tija Binafsi na Usumbufu wa Mtandaoni: Hoja Nne na Uzito Wake

Chanzo cha mkanganyiko

Mashauri yanayotolewa kuhusu simu na kazi yanapingana kiasi cha kumwacha msikilizaji njia panda. Wapo wanaoshikilia kwamba tatizo ni uvivu, na kwamba mtu anayejua anachokitafuta maishani hawezi kushindwa na kioo cha simu. Wapo wanaopendekeza programu za kuhesabu dakika na ratiba za kuigawa siku. Wapo wanaoshauri kufuta akaunti zote na kurudi kwenye simu za kitochi. Na wapo wanaozitupia lawama kampuni za teknolojia na kuitaka serikali iingilie kati. Kila ushauri una ukweli ndani yake, lakini mara nyingi hutolewa kana kwamba watu wote hufanya kazi ya aina moja, na kwamba hasara ya kutopatikana kwenye simu ni sawa kwa mhasibu wa benki, mwanafunzi wa chuo na muuza vitenge wa Kariakoo.

Uchambuzi huu unapitia chimbuko la tatizo, unaeleza nguvu na udhaifu wa kila hoja, kisha unazipima kwa kuzingatia maisha ya kila siku ya Afrika Mashariki. Istilahi mbili zinahitaji kufafanuliwa tangu mwanzo. Tija binafsi ni uwiano uliopo kati ya kazi yenye manufaa ambayo mtu ameikamilisha na muda pamoja na nguvu alizozitumia, kwa hiyo mtu anaweza kuwa na pilikapilika kutwa nzima na bado tija yake ikawa ndogo. Usumbufu wa mtandaoni ni kila kinachopitia intaneti na kuuondoa umakini wa mtu kwenye shughuli aliyoikusudia, uwe umeanzishwa na mlio wa simu au na mkono wake mwenyewe ulioichukua simu bila kuitwa.

Jinsi umakini ulivyogeuka bidhaa

Biashara ya kuuza umakini wa watu ni kongwe kuliko intaneti. Mwaka 1833 Benjamin Day alianzisha gazeti la New York Sun na kuliuza kwa senti moja, wakati magazeti makubwa ya mji huo yaliuzwa kwa senti sita. Pengo la mapato alilifidia kwa matangazo, na tangu hapo msomaji akawa ndiye anayeuzwa kwa wafanyabiashara. Redio na televisheni za kibiashara zilifuata mkondo huohuo. Mwaka 1971 Herbert Simon, msomi wa Marekani ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi, alieleza kwamba habari hutumia umakini wa wale wanaozipokea, na kwamba kwa sababu hiyo habari zinapozidi kuwa nyingi ndivyo umakini unavyozidi kuadimika.

Kilichobadilika katika karne ya 21 ni uwezo wa kuupima mvuto huo na kuurekebisha kwa kila mtumiaji peke yake. Mwaka 2006 mbunifu Aza Raskin alitengeneza ukurasa usio na mwisho, ambao humletea mtu vitu vipya kila anapotelezesha kidole, na hivyo ukaondolewa ule mwisho wa ukurasa ambapo zamani mtu alipata nafasi ya kujiuliza kama anataka kuendelea. Raskin mwenyewe amekuja kuyajutia hadharani matokeo ya ubunifu huo. Mwaka 2009 Facebook iliongeza kitufe cha kuonyesha kupenda, na mwaka 2014 WhatsApp ikaleta alama za bluu zinazomjulisha mtumaji kwamba ujumbe wake umesomwa. Juu ya hayo yote zimewekwa algoriti, yaani kanuni za kikompyuta zinazochagua nini kionyeshwe kwa nani kwa kufuata kile ambacho mtu huyo alikitazama kwa muda mrefu zaidi siku zilizopita.

Nguvu ya mipangilio hii inaelezwa vizuri na saikolojia ya tabia. B. F. Skinner na mwenzake Charles Ferster, katika kazi yao ya mwaka 1957, walionyesha kwamba mnyama anayepata chakula kwa nyakati zisizotabirika huendelea kudonoa au kubonyeza kwa muda mrefu kuliko yule anayepewa kwa mpango unaojulikana, na huchelewa zaidi kukoma chakula kinapokatika. Mtu anayefungua simu hajui kama atakuta ujumbe wa maana, picha ya kuchekesha au hakuna kitu, na kutojua huko ndiko kunakomrudisha tena baada ya dakika chache.

Gharama halisi ya kukatizwa

Wahenga walisema mshika mawili, moja humponyoka, na utafiti wa karibuni umeanza kueleza jinsi linavyoponyoka. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alieleza hali aliyoiita mabaki ya umakini: mtu anapoiacha kazi moja bila kuikamilisha na kuhamia nyingine, sehemu ya fikra zake hubaki kwenye ile ya kwanza, hivyo ya pili huifanya kwa akili iliyopungua. Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, ambaye amewafuatilia wafanyakazi wa ofisini kwa miaka mingi, aliona kwamba mwaka 2004 mtu alikaa kwenye kioo kimoja kwa wastani wa dakika mbili na nusu kabla ya kuhamia kingine, na kwamba katika vipimo vya miaka ya karibuni wastani huo umeshuka hadi sekunde 47.

Hata hivyo, matokeo mawili ya utafiti wa Mark yanawatahadharisha wanaotoa hukumu za haraka. La kwanza ni kwamba karibu nusu ya makatizo huanzishwa na mtu mwenyewe, bila mlio wala mtu wa kumwita. La pili, lililochapishwa mwaka 2008, ni kwamba watu waliokatizwa walimaliza kazi zao kwa haraka zaidi na ubora wake haukupungua, ila walilipa kwa msongo wa mawazo, kuchoshwa na kuhisi wanakimbizwa. Maana yake ni kwamba gharama ya kukatizwa haionekani daima kwenye kazi ndogo ya leo, bali hujilimbikiza kwenye mwili na kwenye zile kazi nzito, kama kuandika ripoti au kujifunza somo jipya, ambazo mtu aliyechoka huziahirisha kila siku.

Hoja ya kwanza: nidhamu ya mtu

Hoja hii inasema kwamba simu ni chombo tu, na mwenye chombo ndiye mwenye wajibu. Nguvu yake ni kwamba inamrudishia mtu mamlaka juu ya siku yake, kwa kuwa hakuna programu wala sheria inayoweza kumwamulia jambo lipi ni la maana kwake, na matokeo ya Mark kuhusu makatizo ya kujitakia yanaiunga mkono. Wanauchumi Hunt Allcott, Matthew Gentzkow na Lena Song, katika utafiti wao wa mwaka 2022, walikadiria kwamba takriban asilimia 31 ya matumizi ya mitandao ya kijamii yanatokana na watu kushindwa kujizuia, yaani ni matumizi ambayo watu wenyewe wasingeyataka kama wangepanga mapema.

Udhaifu wa hoja hii unatokana na jinsi inavyoielewa nidhamu. Utafiti wa Wilhelm Hofmann na wenzake nchini Ujerumani, uliochapishwa mwaka 2012, uliwakuta watu wenye kujitawala sana wakikutana na vishawishi vichache kuliko wengine. Mafanikio yao hayakutokana na kupigana na tamaa saa zote, bali yalitokana na kuyapanga maisha yao kwa namna ambayo mapigano yenyewe yalikuwa machache. Aidha, dhana maarufu ya mwaka 1998 ya Roy Baumeister, iliyosema kwamba nia ni akiba inayokwisha kwa kutumiwa, ilijaribiwa upya na maabara nyingi kwa pamoja na matokeo ya mwaka 2016 hayakuithibitisha, jambo linaloonyesha kwamba hata wataalamu hawajakubaliana nia ni kitu gani. Kumwambia mtu aongeze nia, bila kugusa mahali anapoiweka simu wala watu wanaomsubiri ajibu, ni kumpa lawama badala ya msaada.

Hoja ya pili: zana na mbinu za kupanga muda

Hoja ya pili inakubali kwamba nia haitoshi, hivyo inaisaidia kwa vifaa. Mbinu inayojulikana zaidi ni ile iliyobuniwa na Francesco Cirillo wa Italia mwishoni mwa miaka ya 1980, ambapo mtu hufanya kazi kwa dakika 25 bila kugusa kingine, hupumzika dakika tano, kisha huanza tena. Mwaka 2018 Apple na Google ziliingiza ndani ya simu zenyewe vipimo vya muda na uwezo wa kuweka kikomo kwa kila programu.

Ubora wa njia hii ni urahisi wake, na kwamba inampa mtu picha ya kweli ya siku yake, kwa sababu wengi hushtuka wanapoona saa walizozipoteza kuperuzi. Udhaifu wake ni kwamba kikomo kinachoweza kuondolewa kwa kubofya mara moja hakina meno, na kwamba mara nyingi hutolewa na kampuni zilezile zinazonufaika mtu akikipuuza. Mwaka 2023 TikTok iliweka kikomo cha awali cha dakika 60 kwa siku kwa watumiaji walio chini ya miaka 18. Nyaraka za kesi zilizofichuka nchini Marekani mwaka 2024 zilionyesha kwamba katika majaribio ya kampuni yenyewe, wastani wa matumizi ya vijana ulishuka kutoka dakika 108.5 hadi 107 tu.

Kwenye suala la arifa, yaani zile taarifa zinazojitokeza kwenye kioo na kutoa mlio, matokeo yana matumaini zaidi. Nicholas Fitz na wenzake walichapisha mwaka 2019 jaribio lililowagawa watumiaji wa simu katika makundi, na wale waliopokea arifa zao kwa mafungu matatu kwa siku walijisikia makini, wenye tija na watulivu zaidi kuliko waliozipokea muda wote. Waliozimiwa arifa kabisa hawakupata faida hiyo. Badala yake walipata wasiwasi na hofu ya kupitwa na mambo. Hapa panajitokeza jambo muhimu kwa mjadala wote: kinachompa mtu utulivu ni kujua saa ambayo habari itamfikia, kuliko kuikosa habari yenyewe.

Hoja ya tatu: kujitenga

Wafuasi wa hoja ya tatu, wakiongozwa na maandiko ya Cal Newport, mwalimu wa sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Georgetown, wanashauri kwamba mtu aanze kwa kuondoa kila programu isiyo ya lazima kwa siku 30, kisha arudishe chache zinazolinda mambo anayoyathamini. Ushahidi mzito unaohusiana na njia hii ulichapishwa mwaka 2020 na Allcott pamoja na wenzake, ambao waliwalipa Wamarekani wafunge akaunti zao za Facebook kwa wiki nne kabla ya uchaguzi wa Novemba 2018. Waliofunga walipata takriban saa moja ya ziada kila siku, walitumia muda zaidi na familia na marafiki, na furaha yao iliongezeka kwa kiasi kidogo. Wengi waliendelea kuitumia Facebook kwa uchache hata baada ya jaribio kumalizika. Wakati huohuo, ujuzi wao wa habari za nchi ulipungua.

Kujitenga kunafanya kazi, basi, lakini kuna bei. Bei hiyo ni ndogo kwa mwandishi au profesa ambaye mshahara wake haupitii kwenye programu anayoifuta, na ni kubwa kwa mtu ambaye wateja, ndugu na malipo yake yote yamo ndani ya simu moja.

Hoja ya nne: sheria na wajibu wa kampuni

Hoja ya nne inasema kwamba haifai kumwachia mtu mmoja kazi ya kushindana na maelfu ya wahandisi wanaolipwa ili wamnase. Ufaransa ilianza kutambua haki ya mfanyakazi ya kutojibu nje ya saa za kazi Januari 2017, ikizitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi kujadiliana nao kuhusu utaratibu huo, na Australia ikaweka haki kama hiyo Agosti 2024. Nchini Kenya, muswada uliofikishwa kwenye Seneti mwaka 2022 ulilenga kumlinda mfanyakazi anayepuuza simu na ujumbe wa kazi baada ya muda wake kwisha, na waajiri wakaupinga.

Nguvu ya sheria ni kwamba inabadilisha mazingira kwa wote kwa mara moja, hivyo anayezima simu jioni haonekani mvivu kuliko mwenzake. Udhaifu wake katika Afrika Mashariki ni mpana: nchini Kenya zaidi ya asilimia 80 ya walio kazini wako katika sekta isiyo rasmi, ambako hakuna mkataba wa saa wala ofisi ya rasilimali watu, na sheria ya ajira haiwezi kumzuia mteja kupiga simu saa tatu usiku.

Hali ya Afrika Mashariki

Hoja zote nne zilikuzwa hasa katika nchi ambako kazi na maongezi ya mtandaoni vinaweza kutenganishwa. Huku mambo yamefungamana. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, simu imekuwa pochi, na kwa wafanyabiashara wadogo WhatsApp ni duka, daftari la oda na kaunta ya malalamiko.

Mfano wa fundi cherehani unalionyesha jambo hili kwa karibu. Akiwa ameshatandika kitambaa na kuanza kuchora kipimo cha bega kwa chaki, simu inalia. Anaifungua kwa sababu inaweza kuwa meseji ya malipo ya awali, na kweli ni mteja aliyetuma picha ya mshono anaoutaka. Chini ya picha hiyo kuna kundi la michango ya harusi lenye jumbe ambazo hazijasomwa, kundi la wazazi wa shule, na hali za marafiki zenye duara la kijani linaloita kidole. Anaporudi kwenye kitambaa inambidi apime tena, na asipopima tena anaweza kukata pasipo pake. Kumwambia fundi huyu azime simu ni kumwambia afunge duka, na kumwambia aiache wazi ni kumwambia aharibu vitambaa vya watu.

Sababu nyingine mbili zinazidisha uzito. Ya kwanza ni mfumo wa vifurushi: anayenunua bando la siku anajua kwamba data iliyobaki itapotea muda ukiisha, hivyo hushawishika kuimaliza kwa video za usiku ambazo hakuzihitaji. Ya pili ni adabu. Mtoto wa mtu hawezi kuiacha shikamoo anayopaswa kumpa mjomba, wala kuupita kimya ujumbe wa msiba kwenye kundi la ukoo, na alama za bluu zimegeuza ukimya kuwa ushahidi wa dharau. Kwa hiyo sehemu ya kile kinachoitwa usumbufu ni wajibu wa kweli uliopewa njia mbaya ya kufika.

Kupima hoja

Zikiwekwa pamoja, hoja hizi zinasahihishana. Nidhamu inahitajika, lakini mahali pake panapofaa zaidi ni mapema, wakati wa kupanga, kabla kishawishi hakijafika. Zana zinasaidia zinapolenga saa za kupokea ujumbe, na zinashindwa zinapohesabu dakika pekee. Kujitenga kunafaa kwa programu za burudani, ambazo mtu akizikosa hapotezi riziki. Sheria inawafaa walioajiriwa rasmi, na pia inatuma ishara kwa waajiri wengine kwamba muda wa mfanyakazi una mmiliki.

Kinachokosekana katika zote nne ni makubaliano kati ya anayetuma na anayepokea. Mtu hawezi kutulia ikiwa hajui kama mwenzake amekubali kusubiri. Ofisi inayotumia kundi la WhatsApp inaweza kukubaliana kwamba la dharura litapigiwa simu ya sauti, na kwamba mengine yote yatajibiwa saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Fundi anaweza kuweka namba ya biashara kwenye laini ya pili, na kwa kutumia WhatsApp ya biashara, iliyoanzishwa mwaka 2018, akaweka ujumbe unaojituma wenyewe ukimweleza mteja saa ya kujibiwa. Msimamizi wa kundi la michango anaweza kuweka siku za taarifa na kuwaomba wanachama wasitume video. Katika ukoo, wakubwa wakitangaza kwamba habari nzito zitapigiwa simu, vijana watapata ruhusa ya kulinyamazisha kundi bila kuvunja heshima.

Njia hii nayo ina gharama. Mteja asiyetaka kusubiri atakwenda kwa fundi mwingine, na bosi aliyezoea kujibiwa papo hapo ataona mwanzoni kwamba kazi imelegea. Gharama hiyo ni ya wazi na inaweza kupimwa kwa wiki chache, kwa kulinganisha wateja waliopotea na nguo zilizokamilika bila kurudiwa, wakati gharama ya kukatizwa kila dakika hujificha ndani ya uchovu ambao hakuna anayeuandika kwenye daftari.

Muhtasari

Usumbufu wa mtandaoni una vyanzo vitatu vinavyoshirikiana: biashara inayofaidika umakini wa watu unaponaswa, akili ya binadamu inayovutwa na yasiyotabirika, na jamii iliyohamishia wajibu wake wa kweli kwenye njia isiyo na saa. Nidhamu, zana, kujitenga na sheria kila kimoja kinagusa sehemu ya vyanzo hivyo, na hakuna kinachotosha peke yake. Kwa mazingira ya Afrika Mashariki, hatua ya kwanza yenye faida kubwa na gharama ndogo ni kukubaliana na wale wanaomtafuta mtu kwamba dharura itapita njia gani na mengine yatajibiwa saa ngapi. Baada ya hapo arifa zikusanywe kwa mafungu, burudani ipunguzwe, na nidhamu ielekezwe kwenye kuulinda mpango huo. Waajiri, walimu, viongozi wa vikundi na wakubwa wa koo ndio wenye uwezo wa kuanzisha makubaliano hayo, kwa kuwa neno lao ndilo linalowaondolea wengine hofu ya kuonekana wavivu au wenye dharau. Wasingoje walio chini yao waombe.